Laini ya simu kwanza, benki baadaye
Ndugu zangu mnaojiandaa kuondoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kwenda kukaa nje mwaka mzima au zaidi, shughulikieni laini ya simu kabla ya kitu kingine. Namba za kuthibitisha malipo huja kwa SMS. Laini ikifungwa kwa kutotumika, M-Pesa na programu ya benki vinakwama pamoja, na kuirudisha ukiwa Toronto ni mateso matupu. Washeni romingi (huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi) mkiwa bado Nairobi, data yake mzime, na mnunue salio kidogo mara kwa mara ili laini ibaki hai.

Benki nayo iambieni mnakokwenda, la sivyo kadi inaweza kuzuiwa mkiitumia mara ya kwanza. ATM ya huko ikiuliza mtozwe kwa shilingi au kwa sarafu ya huko, chagueni ya huko. Kiwango cha kubadilisha pesa ukichagua shilingi karibu kila mara huwa kibaya.

Akaunti isiyoguswa miaka 5, pesa zake hupelekwa UFAA, mamlaka ya Kenya inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa. Ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hata za sufuri (kama hukuwa na mapato), mwisho ni Juni 30. Ukichelewa, faini haipungui shilingi 2,000.