Kodi moja kwa funksheni zote za Lambda

Funksheni kadhaa za Node.js kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha kodi bila wewe kutunza seva) zilihitaji kodi ileile ya kukagua tokeni, yaani alama inayothibitisha mtumiaji. Kwenye kompyuta, `require('../pamoja/tokeni')` ilifanya kazi vizuri, lakini funksheni zikishapandishwa Lambda, logi inasema "Cannot find module". Sababu ni kwamba kila funksheni ilipakiwa na zipu yake, na folda iliyo nje yake haikuingia humo. Kunakili kodi kwenye kila folda huondoa kosa, lakini siku ya kuziba pengo la usalama nakala moja husahaulika, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Nilitatua kwa leya, yaani kifurushi cha kodi kinachoweza kuunganishwa na funksheni nyingi. Kodi ya pamoja, na `package.json` yake, niliiweka kwenye `nodejs/node_modules/pamoja/`, kisha nikafunga zipu nikiwa nje ya folda ya `nodejs`. Mpangilio huu ni lazima: Lambda hufungua leya ndani ya `/opt`, na Node hutafuta moduli kwenye `/opt/nodejs/node_modules`. Ukifunga zipu ukiwa ndani ya `nodejs`, njia hiyo haipo tena na kosa lilelile linarudi. Kwenye funksheni sasa unaandika `require('pamoja/tokeni')` tu.

Linalosumbua zaidi ni matoleo. Leya ikishachapishwa haibadiliki: ukitoa toleo la 4, funksheni iliyounganishwa na la 3 hubaki na la 3 mpaka uibadilishie ARN (kitambulisho cha toleo la leya kwenye AWS). Kwa hiyo ARN niliiweka kama kigezo kimoja kwenye kiolezo cha CloudFormation (zana ya AWS ya kuunda rasilimali kwa faili), na funksheni zote zinaisoma hapo.

Kikomo ni leya 5 kwa funksheni, na MB 250 kwa jumla zikishafunguliwa, kodi ya funksheni ikiwemo.