Methali ya Mtungi, Njiani Kwenda Kutaisi

Stendi ya Didube jijini Tbilisi ingemfanya Mtanzania ajione yuko nyumbani. Madereva wanaita majina ya miji, wachuuzi wanapita na mikate na mbegu za alizeti, na marshrutka, ambayo ndiyo daladala ya Georgia, haina haraka ya kuondoka kama viti bado viko wazi. Nilikuwa nakwenda Kutaisi, mwendo wa kilomita kama 230 kuelekea magharibi. Nilipata kiti nyuma ya dereva. Kushoto kwangu aliketi msichana wa chuo aliyejua Kiingereza, na kando yake bibi mmoja aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, kikapu kimekaa mapajani.

Tulipokaribia Mtskheta, abiria karibu wote walipiga ishara ya msalaba mara tatu. Juu ya kilima lilionekana kanisa la Jvari, ambalo limesimama pale kwa zaidi ya miaka 1,400. Dereva naye alijipiga msalaba, mkono wa pili ukiwa kwenye usukani. Gori tukaipita bila kusimama. Surami tulisimama kununua nazuki, mkate mtamu wenye zabibu kavu na mdalasini unaookwa ukutani mwa tanuri la udongo, na gari zima likanukia.

Baada ya Surami ndipo milima inapoanza. Milima ya Likhi, ambayo barabara huivuka kwenye kipito cha Rikoti, inaigawa Georgia: mito ya mashariki yake inaelekea Bahari ya Kaspi, ya magharibi inaelekea Bahari Nyeusi. Wakati huo barabara mpya yenye mahandaki ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo sehemu kubwa tulipita ile ya zamani, kona juu ya kona, malori yamejipanga. Dereva wetu hakuwa na subira. Aliovateki lori kwenye kona, akarudi upande wake wakati gari la mbele limeshaanza kupiga honi.

"Nela, shvilo," bibi alimwambia. Polepole, mwanangu.

Dereva alitabasamu kwenye kioo, akaovateki tena. Bibi hakupaza sauti. Alirekebisha kikapu chake, akasema maneno machache tu: "Koka qoveltvis tsqals ver moitanso."

Abiria walicheka, hata wale waliokuwa wamesinzia. Dereva aliinamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyekanywa na nyanya yake, na tangu hapo tulikwenda mwendo wa watu wanaotaka kufika. Nikamgeukia msichana: amemwambia nini? Akanieleza kwamba koka ni mtungi wa maji, na kwamba bibi amesema mtungi hauwezi kuleta maji kila mara. Iko siku utavunjikia njiani.

Nilimwomba aniandikie kwenye simu kwa herufi za Kilatini, maana herufi za Kigeorgia ni 33 na nilikuwa bado sijazimudu. Bibi alipoona nahangaika kuitamka ile "q" inayotoka ndani kabisa kooni, akageuka mwalimu. Alinitamkia neno moja moja, akaniita "bebo". Kumbe bebo ni bibi. Wazee wa kule humwita mjukuu kwa cheo chao wenyewe, kama sisi tunavyomwita binti mdogo "mama". Na ile "o" ya mwishoni, alinieleza kupitia kwa msichana, inaonyesha kuwa maneno ni ya kunukuu, si yangu. Sisi tungetanguliza "wahenga walisema". Wao inawatosha irabu moja. Naona hapo ndipo dereva alipolegea. "Polepole" lilikuwa agizo la abiria, na abiria anaweza kupuuzwa. Mtungi ulikuwa neno la wazee, na ulimkanya bila kumtukana.

Nilitaka kujua nyakati za kuutumia. Alinipa mifano: kijana anayefaulu mitihani kwa kunakili, mtu anayekopa kila duka la mtaa, mvuvi anayeingia mtoni wakati wa mafuriko kwa sababu jana alirudi salama. Unamwambia kabla hajaumia, na hata baada ya mambo kuharibika watu husema. Yeye lakini hakupenda hiyo ya baadaye. "Aliyevunjikiwa msaidie kuokota vigae," alisema. Mkubwa wako pia humwambii, isipokuwa mezani au mchezoni.

Tukafika Shrosha, kijiji cha wafinyanzi. Vyombo vya udongo mwekundu vimepangwa kando ya barabara: vikaango vya ketsi, majagi ya divai, na mitungi yenyewe. Dereva alisimama mwenyewe, hakuombwa. Bibi aliinua koka moja, shingo nyembamba, tumbo nene, mkono mmoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole huku ameitegea sikio. Ikalia kama kengele. Akagonga nyingine, ikatoa sauti butu. Nje haikuwa na alama yoyote. Akaniwekea kidole karibu na shina la mkono, akanipitishia ukucha pale, nikausikia ufa mwembamba kuliko unywele.

Jioni Kutaisi, baba mwenye nyumba niliyofikia alinikaribisha kwenye nardi, mchezo wa dado wa ubao wanaoupenda sana. Dado zikamwangukia sita-sita, akapiga kelele "dushashi!" Zikaanguka tena vilevile. Nikasema methali yangu, na "o" yake mwishoni. Mkewe aliyekuwa akimenya walinati alicheka mpaka akaweka kisu chini, akairudia kumwelekea mumewe.

Wakauliza kwetu tunasemaje. Nikawapa "siku za mwizi ni arobaini". Mzee akasimamisha dado: kwa nini arobaini? Maana kwao ormotsi, arobaini, ndiyo siku ya kumkumbuka marehemu. Nikasema hata kwetu ni hivyo, tunasoma dua na tunapika. Mnapika nini? Pilau. Mama akasema msibani kwao hupikwa shilaplavi, wali wa nyama ya kondoo, akainuka kutafuta karatasi na kalamu. Nardi ikaishia hapo. Nilimtajia viungo kimoja kimoja, bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini, naye akiandika kwa herufi zake.