Kata simu, kanikatia simu: nilivyopata ufunguo wa Kiingereza cha wageni

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Moshi. Wageni wetu karibu wote ni wa kupanda Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo kwetu neno "kushuka" lina maana moja tu. "Wale wa Machame wameshuka?" "Bado, wanashukia Mweka kesho." Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Asubuhi moja gari la kwenda lango la Machame lilikuwa linaunguruma nje, wapagazi wanafunga mizigo kwenye keria, dada mmoja Mwingereza akaja mbio mpaka kaunta. Alikuwa amesafiri na mama yake, mtu mzima, ambaye hapandi; angebaki hotelini kumsubiri. Akaniambia: "Mum's come down with something. Could you look in on her about ten?" Nikajibu "Yes, of course." Akanishika mkono kwa shukrani, akapanda gari.

Nilichoelewa mimi ni kwamba mama ameshuka na kitu, nikakiangalie saa nne. Mama hakupanda mlima, lakini alikuwa ghorofa ya 2, basi nikaona ameshuka ngazi na mzigo wake. Nikaenda stoo, nikapekua mabegi yote ya waliopanda, nikauliza jikoni, nikamuuliza mlinzi. Hakuna kitu. Saa nne nikapanda juu. "Look in" nilikuwa naijua kwenye kitabu kuwa ni kuchungulia, kwa hiyo nikachungulia. Mlango ulikuwa umeegeshwa, nikamwona amelala upande, nikaurudisha polepole ili nisimwamshe, nikaendelea na kazi zangu.

Saa sita dada wa usafi ndiye aliyeingia. Alimkuta anatetemeka kwa homa, midomo imekauka, chupa ya maji haina hata tone. Tulimkimbiza hospitali, akatibiwa, na siku ya tatu alikuwa anakunywa chai bustanini. Mwanawe aliposhuka hakunigombeza sana. Kilichoniuma ni maneno ya mama mwenyewe: ile saa nne alikuwa macho. Aliniona nikichungulia na kuondoka, akajiuliza amenikosea nini.

Na mimi Kiingereza nilipata B kidato cha nne! Kila neno katika zile sentensi mbili nilikuwa nalijua. "Come", "down", "with", "look", "in", "on", hakuna hata moja gumu. Yalipokaa pamoja ndipo yaliponishinda.

Nikaanza kuomba ushauri. Mwenzangu mmoja aliyekaa kwenye hoteli miaka mingi akaniambia, "Dada, hiyo ni misimu ya mitaani, achana nayo. Badala ya put up with sema tolerate, badala ya put off sema postpone, utaonekana msomi." Ushauri huu unaniudhi mpaka leo. Ninachosema mimi nakichagua, lakini anachosema mgeni nani anakichagua? Yule dada hakuniuliza kama napenda "come down with" au "fall ill", zote mbili kuugua. Na si misimu hata kidogo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Yesu "gave up the ghost", pale ambapo yetu inasema "akakata roho". Jina "phrasal verb", yaani kitenzi cha maneno mawili matatu yanayobeba maana moja, ndilo la karibuni, lilienea baada ya Logan Pearsall Smith kuliandika mwaka 1925. Vitenzi vyenyewe ni vya kale.

Kisha nikaingia kozi ya jioni, laki na kitu ukijumlisha nauli. Mwalimu akatutaka tununue kitabu, shilingi 15,000 hivi, tukariri kurasa nzima kwa mpangilio wa herufi. Nikakariri kweli, nikiwa zamu ya usiku, naandika na kufuta. Get along with, get away with, get back at, get down to, get on with, get out of, get round to. Asubuhi zote zimekuwa uji mmoja kichwani. Ukipanga kwa kitenzi cha mbele unaweka pamoja vitu vinavyofanana sura tu, na kila kimoja kinamfuta mwenzake. Miezi mitatu ilikwenda hivyo.

Ufunguo niliupata usiku mmoja nisiotarajia kitu. Mgeni alishuka akiwa amekasirika, simu mkononi. Wakala wake wa tiketi alikuwa amemjibu vibaya. Akasema, "He hung up on me!" "Hang up" nilikuwa naijua: kukata simu. Sasa hiyo "on me" ya nini? Simu imekatwa juu yangu? Nikiwa bado nafikiri, mpishi wetu akatokea jikoni naye anafoka: "Huyu muuza kuku kanikatia simu!"

Nilisimama kama nimepigwa na shoti. Kukata simu, hang up. Kunikatia simu, hang up on me. Ile "on" mwishoni inafanya kazi ileile ya "-ia" yetu! Ni kauli ya kutendea, ile tuliyoimba shule ya msingi: pika, pikia, lima, limia. Kitendo kilikuwa kimekamilika bila mtu, ile "-ia" ikaja kumwingiza aliyeguswa nacho. Waingereza hawana pa kuichomeka katikati ya kitenzi, wanaitundika nyuma.

Sikulala usiku ule. Niligeuza daftari la zamani la wageni, nikaanza kuandika jozi nyuma yake. "The milk has run out", maziwa yameisha. "We've run out of milk", tumeishiwa maziwa. Isha, ishiwa, run out, run out of. "Give up" ni kukata tamaa, na "give up on him" ni kumkatia tamaa. "The car broke down", gari limezima. "It broke down on us", limetuzimikia. Na "look in on her"? Kupita kumjulia hali! Jua, julia. Yule dada alikuwa ameniomba nikamjulie mama yake hali, jambo ambalo mimi nililelewa nalo tangu nikiwa mtoto, na hakuna kitabu kilichoniambia hivyo.

Si zote zinaingia kwenye "-ia", lakini ukiwa na jicho hilo unapata njia nyingine. "A problem came up", tatizo limezuka. "He came up with an excuse", amezua kisingizio. Zuka na zua. Na "come down with" nikaipatia mwenzake: kushikwa na homa. Ile "na" yetu na "with" yao zimekaa mahali pamoja kabisa. Zilizogoma, kama "get away with" (kukosea na kuponyoka) na "put up with" (kuvumilia), nimezimeza nzimanzima kama methali, na ni chache kuliko nilivyoogopa.

Jingine ni sikio. Mwingereza anakandamiza neno la katikati na kulimeza la mwisho. Anasema run OUT of, na hiyo "of" inakuwa kama "a" tu, hang UP on, come UP with. Nilikuwa nakosa nusu ya maneno kwa sababu nilisubiri kuisikia ile ya mwisho waziwazi. Sasa nasikiliza panapopigwa nyundo, mkia naukisia. Pia kinachozungumziwa hukaa nyuma ya vyote: "put up with it", kamwe si "put it up with". Ipo misemo michache inayokibeba katikati, kama "don't take it out on me", usinimalizie hasira, lakini hiyo nilizoea taratibu kwa kusikia.

Halafu kuna ile ya barua pepe. Kwa karibu miaka 2 nilikuwa nawaandikia wageni wote "We look forward to welcome you." Sisi Waswahili tunakosea hapo kwa sababu tunadhani kila "to" ni "ku-" yetu. Hii siyo. Hii ni kihusishi, nayo ni sehemu ya ile "-ea" ya kungojea, na baada yake inatakiwa nomino, jina la kitendo: "welcoming you". Ukiwa na shaka weka "it" mbele yake. "Look forward to it" inakubali, "want to it" inakataa. Mgeni mmoja mwalimu aliniandikia jambo hilo kwenye kipande cha karatasi akaniachia funguo za chumba juu yake. Namshukuru sana.

Mwezi uliopita tumepata kijana mpya mapokezi, ametoka chuo, nami nampa jozi zangu moja moja. Juzi alinijia na swali. Mgeni wa chumba cha 6 aliulizwa kama amejaza fomu, akajibu "I haven't got round to it yet." Nikalitafuta daftarini, sina. Tukakaa nalo, mie nasema ni "sijapata nafasi", yeye anasema hapana dada, hiyo haina mkia. Tukanyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, "Sijaifikia." Fika, fikia. Nikampa kalamu aiandike mwenyewe.