Brauza ya dola 5 na kopi zangu mia na ishirini

Nina steshenari Mbagala: kompyuta nne, mashine ya fotokopi, ya laminesheni, na feni inayopiga kelele kuliko zote. Juzi mpwa wangu anayesoma chuo kanikuta nafunga hesabu za siku, akaniambia, "Anko, siku hizi kuna watu wanalipia brauza."

Brauza, ile programu ya kufungulia intaneti! Nikacheka mpaka mteja akageuka.

Akanitajia brauza moja, Orion. Yenyewe ni ya bure, ila anayetaka kuwaunga mkono waundaji na kupata vionjo vya ziada analipa dola 5 kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi 12,000. Mimi kopi moja nauza 100. Yaani nitoe kopi mia na ishirini na ushee ndipo nifungue intaneti ambayo bando lake nimeshalinunua? Tena imetengenezwa kwa vifaa vya Apple, na mimi hata chaja ya Apple sina.

Lakini usiku nikakumbuka kafe moja ya Kariakoo, mwaka 2003, nilikojifunzia kufungua baruapepe. Mashine zao zilikuwa na brauza ya Opera, na juu kabisa ulikaa mkanda wa tangazo usiobanduka. Kuuondoa ilikuwa dola 39. Mwenye kafe hakuwahi kulipa, nasi tuliuzoea kama nzi wa buchani. Septemba 2005 Opera wakaondoa tangazo na malipo kwa pamoja. Kabla yao, Netscape nayo ilikuwa ikiuzwa, hadi Microsoft walipoanza kugawa Internet Explorer bure ndani ya Windows. Januari 1998 Netscape wakasalimu amri, yao nayo ikawa bure.

Kumbe hela haikutoweka, ilihamia mlango wa nyuma. Mwaka 2022 Google waliwalipa Apple dola bilioni 20 ili wawe injini ya kutafutia kwenye Safari, brauza ya Apple. Hayo yalitoka kwenye nyaraka za mahakama huko Marekani. Mozilla wenye brauza ya Firefox nao sehemu kubwa ya kipato chao inatoka kwa Google hao hao. Kile kisanduku cha kuandikia unachotafuta ndicho fremu ya dukani, na kodi yake inalipwa kwa sababu yetu.

Hapo nikaacha kucheka. Msimu wa matokeo ya NECTA, kwenye viti vyangu vinne wanakaa watoto wa watu kutwa nzima: majina, namba za mtihani, nywila za baruapepe, na wengine wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nimeweka Firefox zote zijifute kumbukumbu kila zikifungwa. Haikunigharimu hata senti.

Nikasema basi, kwa heshima hiyo, niwatumie Firefox chochote. Mpwa akanizuia. Mchango ukiutoa unakwenda Mozilla Foundation, kwenye shughuli zao nyingine; brauza inaundwa na kampuni yao, na hela ya mchango haiifikii. Ukitaka hela yako iingie kwenye programu yenyewe, changia Thunderbird, ile ya baruapepe.

"Thunderbird siitumii," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo, anko. Unayoitumia haipokei, inayopokea huitumii."

Ile 12,000 nimenunulia wino.