Hakika Naliibwa

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Mwanzo 40:14–23.

Yusufu alimwomba mkuu wa wanyweshaji jambo moja tu: mambo yako yakikunyokea, unitaje kwa Farao. Kisha akamweleza kisa chake, kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania. Ndugu zake walipokea vipande 20 vya fedha, lakini yeye hakusema aliuzwa. Alisema aliibwa. Aliyezaliwa huru hana wa kumuuza.

Neno hilo limenirudisha kwa Solomon Northup, mtu mweusi aliyezaliwa huru katika jimbo la New York. Alikuwa mpiga fidla, ana mke, Anne, na watoto watatu. Mwaka 1841 wanaume wawili walimwahidi kazi ya muziki, wakamfikisha Washington. Usiku mmoja akazidiwa na kinywaji alichopewa, na alipozinduka alikuwa gizani, mikono katika pingu, ndani ya zizi la watumwa lisilo mbali na jengo la Bunge. Aliposema yeye ni mtu huru, walimpiga kwa ubao mpaka ubao ukavunjika, wakashika kamba. Kila walipopumzika waliuliza: bado unasema u huru?

Walimsafirisha hadi Louisiana wakamwita Platt. Jina nalo likaibwa. Sasa nani angemwona Solomon mahali ambapo hakuna aliyewahi kumsikia Solomon?

Bwana wake wa kwanza huko, William Ford, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Solomon mwenyewe alimshuhudia kuwa mpole, na siku za Jumapili Ford aliwasomea watumwa wake Maandiko. Hapa ndipo panaponiuma. Biblia iko wazi mkononi, na aliyeibwa ameketi palepale akisikiliza, tena amelipiwa fedha. Solomon hakuthubutu kumwambia ukweli wote.

Baadaye, kwa bwana mwingine, Edwin Epps, alichemsha magome ya mti akapata wino, akachonga kalamu ya unyoya wa bata, akaandika barua usiku. Mzungu aliyemwamini aipeleke posta akamsaliti kwa Epps. Solomon akaitupa barua motoni.

Ilipita miaka kabla hajajaribu tena. Mwaka 1852 alikuja seremala kutoka Kanada, Samuel Bass, na Solomon akamfungulia moyo. Bass angeweza kuuawa kwa jambo hili. Aliandika barua hata hivyo, na majibu yalipochelewa akaahidi kwenda New York mwenyewe. Mnyweshaji alimsahau Yusufu miaka miwili mizima. Seremala huyu hakusahau.

Januari 1853 mwanasheria Henry B. Northup alifika, ametumwa na gavana wa New York kwa sheria ya 1840 ya kuwarejesha raia walioibwa. Aliulizia Solomon, hakuna aliyemjua. Bass ndiye aliyesema yuko wapi. Wakaingia na sherifu shambani kwenye pamba. Sherifu akamuuliza Platt kama ana jina lingine.

Akajibu: Solomon Northup ndilo jina langu.

Siku ya kuondoka, Patsey, mtumwa mwenzake, alimkimbilia akamkumbatia shingoni, machozi yakimtiririka. Yeye alizaliwa utumwani; sheria ya New York haikumhusu. Gari lilipoondoka Solomon aligeuka, akamwona ameinamisha kichwa, nusu amelala chini.