Usiku wa Tsumago

Aprili, bonde la Kiso, Japani.

Nimeingia Tsumago kwa miguu, kama walivyoingia wasafiri wa zamani, nikitokea Magome upande wa pili wa mlima. Ni mwendo wa kilomita 8 hivi. Kwanza unapanda hadi kufikia karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, halafu unateremka taratibu katikati ya misitu. Nagoya, nilikopanda treni asubuhi, maua ya sakura, yaani ya micheri, yalikwisha pukutika. Huku bado kuna baridi, na micheri ndiyo kwanza imechanua.

Njiani kuna kengele zilizotundikwa, na kila moja ina kibao kinachomtaka mpita njia aipige kwa nguvu ili dubu wasikie na kujitenga. Nilizipiga zote. Mlio ukishapotea, linalobaki ni maji. Maji yako kila mahali katika njia hii, yanapita chini ya mawe, kwenye vijito, na kwenye mifereji ya magogo mbele ya nyumba za wakulima. Baada ya kilele nilipita kwenye nyumba kongwe ya chai inayoitwa Ichikokutochi. Mzee aliyekuwa zamu alinimiminia chai bure, akaniashiria nisogee karibu na moto. Tulikaa bila maneno mengi. Safari ya peke yako ina raha hiyo, hulazimiki kuzungumza ili kumfurahisha mwenzako.

Njia yenyewe ni Nakasendo, iliyounganisha Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto kwa kupitia milimani. Ilikuwa na vituo 69 vya kupumzikia, na Tsumago kilikuwa cha 42 ukihesabu kutoka Edo. Mabwana wa majimbo walipita hapa na misafara yao wakienda kumtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Mwaka 1861 alipita Kazunomiya, binti wa ukoo wa kifalme, akipelekwa Edo kuolewa na shogun. Kisha zama zikageuka. Reli ilipokamilika mwaka 1911 ilifuata mto Kiso, ikauacha mji pembeni, na wasafiri wakakoma kuja. Vijana wakaondoka, mapaa yakaanza kuvuja.

Kinachonigusa ni kilichofuata. Mwaka 1968 wenyeji walianza kuzikarabati nyumba zao moja baada ya nyingine, na mwaka 1971 wakaandika mapatano yao wenyewe yenye makatazo matatu: nyumba haiuzwi, haikodishwi, haibomolewi. Ulinzi wa sheria ya taifa ulikuja baadaye, mwaka 1976. Kwa hiyo watu walitangulia, serikali ikafuata. Hata leo waya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayaingii barabara kuu. Ukiinua macho unaona kingo za mapaa ya mbao, na juu yake mlima.

Nilikaa muda mrefu katika nyumba iitwayo Waki-honjin Okuya, walikofikia wageni wa daraja la juu. Imejengwa upya mwaka 1877, yote kwa mbao za mti uitwao hinoki. Kabla ya hapo mtu wa kawaida asingethubutu. Watawala wa Owari, jimbo lililomiliki misitu hii, walipiga marufuku kukata miti hiyo ya Kiso, na msemo wa enzi hizo ulikuwa mti mmoja, kichwa kimoja, yaani ukikata mti nawe unakatwa kichwa. Ndani, katikati ya sakafu, kuna shimo la moto ambalo bado linawashwa. Moshi hauna dohani. Unapanda wenyewe hadi darini, unakausha mbao na kufukuza wadudu. Boriti zimekuwa nyeusi. Jua lilipenya kwenye dirisha la vipande vya mbao, likakata moshi ule kwa mistari iliyonyooka, na mwanga ukalala sakafuni. Niliiangalia ile mistari ikisogea taratibu hadi mlinzi akaja kuniambia kwa adabu kwamba wanafunga.

Jioni wageni wa mchana wamekwisha ondoka, maduka yamefunga milango yake ya mbao. Nimefikia kwa bibi mmoja mwenye vyumba vichache vya wageni. Nilimweleza kwa Kijapani changu cha darasani kwamba sili nguruwe wala sinywi pombe, naye akaniandalia samaki wa mtoni aliyebanikwa kwa chumvi, wali, na mboga za mlimani ambazo huchumwa majira haya tu. Zina uchungu kidogo, uchungu mzuri unaosafisha kinywa. Kisha akaleta gohei-mochi, wali uliopondwa ukachomekwa kwenye kijiti kama mshikaki, ukapakwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, iliyosagwa pamoja na jozi, ukachomwa kwenye makaa.

Nilimuuliza kuhusu mapatano yale. Alisema yeye hayaoni kama sheria, anayaona kama deni. Wanawe wako mjini. Paa linahitaji kutengenezwa, na wapo watu wa nje ambao wangemlipa vizuri sana. "Lakini nikiuza mimi," alisema, "jirani atasema, kumbe inawezekana."

Kisha akaniuliza kwetu kukoje. Nikamweleza kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar, milango ya kuchonga, baraza za mawe ambako wazee hukaa jioni, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Nikamwambia umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nikamwambia pia kwamba Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani, iliporomoka. Alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na watu, bado wanaishi humo?"

Nikamjibu kwamba wapo, lakini mtaani kwetu kila mwaka nyumba nyingine inageuka hoteli, na familia zinahamia ng'ambo. Yetu pia imo kwenye mazungumzo. Ilikuwa ya babu, warithi ni wengi, na mnunuzi ameshapatikana. Mimi nimekuwa nikisema watakaloamua wakubwa ni sawa. Usiku huu silioni hivyo tena. Najua nyumba ya matumbawe kwenye hewa ya chumvi na mvua za masika haitunziki kwa mapenzi matupu. Chokaa ni ghali, mafundi wake wamebaki wachache, na ami hawezi kuubeba mzigo ule peke yake. Lakini mshahara ninao, na binamu zangu wa Muscat nao wanao. Hakuna aliyewahi kutuita mezani tukapiga hesabu ya ukarabati. Hesabu iliyopigwa ni ya mauzo tu.

Kesho nashuka kwenda kituo cha Nagiso kupanda treni. Zanzibar wako nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo nitasubiri hadi ami awe ametoka msikitini kwa sala ya adhuhuri, nimpigie, nimwombe asitie saini kwanza.