Siku simu iliponiambia mwizi ni mimi

Jumamosi ile nilikuwa kwenye sendofu huko Tegeta, MC ndo kwanza anaita upande wa mama waje kutunza, simu ikaanza kutetemeka mfukoni na haiachi. Kufungua, ni ile programu ya ulinzi tuliyoipachika kwenye kompyuta zote za ofisi. Saa 3:40 usiku, akaunti ya admini imeingia kwenye seva ya mafaili kutokea PC ya mapokezi. Akaunti ya nani? Yangu. Na mi hapo nina sahani ya pilau mkononi.

Cha kwanza nilichofikiria ni kwamba programu imechanganyikiwa, maana si mara ya kwanza kunipigia kelele za bure, lakini chini yake kulikuwa na alati nyingine ya dakika nne nyuma, kwamba kuna kitu kwenye folda ya Downloads ya PC hiyohiyo kimejaribu kusoma memori ya LSASS. Pilau ikaishia hapo.

LSASS ni kiprosesi cha Windows kinachoshughulika na logini. Ukishaingiza paswedi asubuhi, chenyewe kinakaa na heshi yako (paswedi iliyogeuzwa kuwa msimbo) na tiketi zako (vibali vya kuingilia seva) kwenye memori, ili kila unapofungua folda ya seva au kuprinti usiulizwe tena paswedi. Raha sana kwako, raha zaidi kwa mwizi, maana akiwa na uadmini wa mashine hiyo anaweza kuichungulia ile memori na kutoka na heshi za kila mtu ambaye bado yumo. Kuna Mfaransa anaitwa Benjamin Delpy alitoa kitu chake Mimikatz mwaka 2011 kuonyesha udhaifu huo, na tangu hapo wezi wamekuwa wakikitumia wanavyotaka. Utamu wake ni kwamba mwizi hana haja ya kuijua paswedi. Heshi yenyewe inatosha, kwenye NTLM, ile njia ya zamani ya Windows ya kuthibitisha logini, anaiwasilisha vilevile ilivyo na seva inamfungulia mlango.

Ndo maana siku hizi wakiniambia antivairasi inatosha nacheka tu. Antivairasi ya kizamani inauliza faili hili ni baya au zuri. Hii ya sasa, ajenti wake anakaa kwenye kila mashine na anaangalia nani anaingia wapi, saa ngapi, kutokea wapi na kwa njia gani. Paswedi yako haioni (watu wa uhasibu kila siku wananiuliza hili, jamani haioni), inachosoma ni kumbukumbu ambazo Windows inaziandika yenyewe. Logini iliyofanikiwa ni tukio namba 4624, iliyokataliwa ni 4625, na ndani yake kuna aina ya logini, 2 ni mtu kakaa mbele ya kibodi, 3 ni kupitia mtandao, 10 ni rimoti desktopu. Mtu mmoja akikosea mara kumi Jumatatu asubuhi ni katoka likizo kasahau, lakini watu thelathini wakikosea mara mojamoja ndani ya dakika mbili na wote kutokea mashine moja, hapo kuna mtu anajaribu paswedi moja kwa kila jina akiomba Mungu.

Sasa yangu ilinaswaje wakati logini ilikuwa sahihi kabisa? Kwa tabia. Mimi kwenye ile seva naingia kutokea laptopu yangu, mchana, kwa Kerberos, njia mpya zaidi ya kuthibitisha logini. Usiku ule "mimi" nimeingia kutokea mapokezi, aina 3, kwa NTLM, dakika nne baada ya LSASS ya mashine hiyohiyo kuguswa. Kila kimoja peke yake ungekipuuza, vikishikana ni kesi. Programu haikunisubiri, ikaitenga ile PC isiongee na mashine yoyote mtandaoni. Mi nikatoka nje karibu na jenereta, nikafunga akaunti yangu kwa simu, moyo unadunda kuliko spika za MC.

Nani hakumbuki yaliyowakuta Maersk, ile kampuni kubwa ya meli za mizigo? Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilipitia kwenye programu ya uhasibu ya Ukraine, ikawa inaokota paswedi na heshi kwenye memori ya mashine moja inarukia nyingine, hadi ikabidi waweke upya seva 4,000 na PC 45,000. Domeni kontrola zao zote (seva zinazotunza akaunti na logini za watu wote) zilifutika isipokuwa moja ya Ghana, na iliyoiokoa ni umeme kukatika! Mashine ilikuwa imezima. Na hata kuitoa data huko ilikuwa shughuli, wa Ghana hawana viza ya Uingereza, ikabidi mmoja apande ndege hadi Nigeria amkabidhi diski mwenzake wa kuifikisha London. Sisi ofisi ya uwakala wa forodha, watu arobaini, tusingekuwa na Ghana ya kukimbilia.

Jumapili nikaenda kuchimba. Dada wa mapokezi alishusha programu ya bure ya kubadilisha PDF, sawa, hilo nilitegemea. Lakini uadmini wa mashine yake nilimpa mimi, nilichoka kuitwa kila printa inapogoma. Na Ijumaa nililogini pale kwa akaunti yangu kubwa ya domeni kuweka draiva, halafu nikabonyeza badili mtumiaji nikaondoka bila kulogi auti, na ile PC haizimwi mwaka mzima. Heshi yangu ikabaki mle kwenye memori siku mbili kama chenji iliyosahaulika kaunta.

Sasa hivi nina akaunti mbili, ile kubwa haigusi PC ya mtu na nimeiingiza kwenye kundi la Protected Users ili isikubaliwe kabisa kwa NTLM. Kinachoninyima usingizi bado ni ile kompyuta ya Windows 7 ya stoo ambayo ajenti wake alikataa kukaa, na simu za watu wanazosomea imeili za ofisi, huko niko gizani.

Jumatatu dada wa mapokezi akanikuta nafungua mashine yake, nikamweleza taratibu kwa lugha nyepesi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kaka, mwizi alikuwa anatumia jina lako?"

"Ndio."

"Na jina lako lilikuwa linafanya nini kwenye mashine yangu?"

Nikamwomba aniitie mtu wa chai.